YAH: MAFUNDI WENU KUKATA NGUZO NA NONDO ZA NYUMBA YANGU

Kwa Meneja wa Kampuni,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mteja wenu wa Kigamboni, mwenye nyumba ya ghorofa moja mliyoifunga umeme. Taa zinawaka na soketi zimekaa vizuri. Ninacholalamikia ni njia mliyopitisha paipu za nyaya.

Tulikubaliana mistari ya wima, inayoshuka kutoka juu hadi kwenye kila swichi. Mafundi wenu, ili kufupisha kazi, wametindua mfereji wa kulala kwenye ukuta wa sebule, ule ule unaobeba slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofani, wakapita nao hadi ndani ya nguzo mbili. Nimeupima: kina chake ni milimita 60 kwenye tofali la milimita 150. Mhandisi niliyemwita alinieleza kwa kutumia mwongozo wa ujenzi wa Uingereza, kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Kwangu hiyo ni milimita 25 tu. Mfereji wa kulala unabanwa zaidi kwa sababu unaupunguzia ukuta unene kwa urefu wote unaopita, na mzigo wa juu unabaki kukaa upande mmoja.

Kwenye nguzo ni hatari zaidi. Ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozunguka nondo, zimekatwa kwa grainda, na nondo moja imeliwa. Ringi ndizo zinazozishika nondo zisipinde nguzo inapoelemewa. Halafu huku ni pwani. Chuma kilichoachwa wazi kwenye hewa ya chumvi kinashika kutu, kinavimba na kulipasua zege.

Nilipomuuliza msimamizi wenu, alijibu: "Tutaziba kwa mota, tupige lipu, haitaonekana." Jibu hilo limeniumiza kuliko uharibifu wenyewe. Lipu haibebi slabu! Tayari kuna ufa unaotoka kwenye mfereji kuelekea kona ya dirisha, na mama yangu, aliyekuwa akilala juu, nimemhamisha.

Kwa hiyo mfereji usizibwe na mtu yeyote kabla haujakaguliwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa gharama zenu. Slabu iegemezwe kwa mirunda au jeki kabla nguzo hazijaguswa, na nondo na ringi zirudishwe kwa mchoro wake, si kwa makadirio ya fundi. Paipu zipitishwe upya. Sehemu ya malipo iliyobaki naishikilia hadi hapo.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 7. Nisipoyapata, nitapeleka malalamiko haya pamoja na picha EWURA, wanaotoa leseni za mafundi umeme, kisha nitadai fidia mahakamani.

Wenu,
Mwenye nyumba, Kigamboni

Nakala: Mhandisi, Ofisi ya Serikali ya Mtaa