Hotuba za Sumner ziwafikie wanafunzi wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wachapishaji wetu wazitazame hotuba za Charles Sumner, seneta wa Massachusetts, Marekani, tangu 1851 hadi alipofariki 1874. Zimekusanywa katika juzuu 15, na hakimiliki yake ilishakwisha zamani.

Wengi humjua kwa kipigo tu. Mei 1856 alihutubia siku mbili akipinga utumwa kupenyezwa Kansas, eneo la Marekani ambalo bado halijawa jimbo. Mbunge Preston Brooks akamfuata ukumbini akamtwanga bakora kichwani. Meza ya Sumner ilikuwa imekazwa sakafuni, naye akaing'oa akihangaika kuinuka.

Mimi naupenda zaidi utetezi wake wa 1849, kabla hajawa seneta. Alisimama mahakamani kwa ajili ya Sarah Roberts, mtoto mweusi wa Boston, ambaye ilimbidi azipite shule tano za Wazungu ndipo aifikie ya weusi. Kesi alishindwa. Lakini maneno yale yalichapwa, yakasomwa, na 1855 Massachusetts ikapiga marufuku ubaguzi huo shuleni.

Miaka hiyohiyo watu walikuwa wakiuzwa hapa kwetu Mikindani, na kule Kilwa Kivinje. Wanafunzi wangu wanazitaja tarehe za mikataba ya kukomesha biashara ya watumwa bila kukosea, ila hoja za waliopinga utumwa hawajazisoma hata ukurasa mmoja. Hilo linaniuma. Juzuu zote siombi. Kijitabu cha hotuba mbili tatu kwa Kiswahili, kikae maktaba ya mkoa na shule za kata, kinatosha kwa kuanzia.

Mwalimu wa Historia,
Mikindani, Mtwara.