John Hume asikumbukwe kwa tuzo peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie namna tunavyowaandika wapatanishi. Kila inapotajwa habari ya Mkataba wa Ijumaa Kuu, uliofikiwa Belfast tarehe 10 Aprili 1998 ili kumaliza vita vya miaka mingi vya Ireland Kaskazini kati ya waliotaka kubaki na Uingereza na waliotaka kuungana na Jamhuri ya Ireland, jina la John Hume, mwanasiasa wa huko, huja katika sentensi moja tu, kwamba yeye na David Trimble, kiongozi wa upande wa muungano na Uingereza, walipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Ni kweli walipewa. Lakini msomaji anayeishia hapo hajui kazi ya miaka 38 iliyotangulia tuzo hiyo, na kwa maoni yangu kazi hiyo ndiyo habari yenyewe.

Hume alizaliwa katika mji wa Derry, Ireland Kaskazini, mwaka 1937, akiwa kifungua mimba wa watoto 7. Baba yake alikaa muda mrefu bila ajira, na kwa kuwa alijua kuandika vizuri, majirani walikuwa wakimwendea awaandikie barua za kupeleka maofisini. Siku moja wakiwa kwenye mkutano wa siasa, ambako watu walikuwa wakisisimka kwa bendera, mzee huyo alimwonya mwanawe kwamba bendera hailiwi. Mji wenyewe ulikuwa na Wakatoliki wengi kuliko Waprotestanti, ila mipaka ya kata ilichorwa ili halmashauri ibaki mikononi mwa wafuasi wa muungano na Uingereza, ambao wengi wao walikuwa Waprotestanti. Kwa kuwa haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa halmashauri iliambatana na nyumba, aliyenyimwa nyumba alinyimwa na kura.

Mwaka 1960, akiwa mwalimu kijana, Hume na wenzake wachache walianzisha Derry chama cha akiba na mikopo kwa mtaji wa pauni 7. Maskini wa mji huo hawakuwa na benki ya kuwakopesha. Walizoea kuweka vitu vyao rehani au kwenda kwa wakopeshaji wa riba kubwa. Sisi tulio wanachama wa SACCOS tunaijua kazi hiyo ya kuketi na daftari jioni, kupokea fedha kidogo kidogo, na kumkopesha jirani ambaye dhamana yake kubwa ni kwamba mnamfahamu. Miaka minne baadaye Hume alikuwa rais wa muungano wa vyama hivyo kwa Ireland nzima. Hata baada ya kupata kila heshima duniani, aliendelea kusema kwamba hakuna jambo lililompa fahari kuliko chama hicho. Naamini alimaanisha, kwa sababu siasa zake zote zilifuata mkondo ule ule: watu wafanye kazi pamoja kwanza, kuaminiana kutafuata.

Aliingia katika bunge la Ireland Kaskazini mwaka 1969 kutokana na harakati za haki za raia, na mwaka 1970 akawa miongoni mwa waasisi wa SDLP, chama kilichotaka Ireland iungane kwa njia ya amani, alichokiongoza kuanzia 1979 hadi 2001. Januari 1972 aliongoza maandamano kwenye ufukwe wa Magilligan, karibu na kambi ya watu waliozuiliwa bila kushtakiwa, na askari wakawarushia waandamanaji risasi za mpira. Yale aliyoyaona pale yalimtia hofu, asishiriki maandamano ya Derry wiki iliyofuata. Siku hiyo, Januari 30, wanajeshi wa Uingereza waliwaua kwa risasi watu 13, na wa 14 alifariki baadaye.

Sehemu ya maisha yake inayostahili kurasa nyingi zaidi ni ile iliyomletea chuki. Mwaka 1988 alianza mazungumzo na Gerry Adams, kiongozi wa Sinn Féin, chama kilichofungamana na IRA, kundi lenye silaha lililopigana kuiondoa Uingereza Ireland Kaskazini. Habari zilipoenea mwaka 1993, magazeti kadhaa ya Dublin yalimshambulia karibu kila wiki, na hata ndani ya chama chake wengi walinung'unika. Waliofiwa kwa mabomu ya IRA walikuwa na haki ya kukasirika, na sitaki kuidharau hasira yao. Jibu la Hume lilikuwa kwamba maelfu ya askari wameshindwa kuzima vita, na kama maneno yanaweza kuokoa hata mtu mmoja, ni wajibu wake kuzungumza.

Oktoba mwaka huo bomu la IRA liliua watu katika mtaa wa Shankill, Belfast, na wiki moja baadaye wanamgambo wa upande wa muungano na Uingereza walifyatua risasi katika baa kijijini Greysteel. Hume alikwenda kwenye mazishi ya Greysteel. Binti wa mmoja wa waliouawa alimwambia kwamba familia yao ilisali kuzunguka jeneza ili afanikiwe katika mazungumzo yake, na Hume akalia mbele ya watu. Muda mfupi baadaye alilazwa hospitali kwa uchovu. Agosti 1994 IRA ilitangaza kusitisha mapigano.

Gharama ya kisiasa ilikuwa kubwa. Amani iliifungulia Sinn Féin mlango, na mwaka 2001 chama hicho kiliipita SDLP kwa kura. Mtu makini kama Hume hangeshindwa kuliona hilo likija, lakini hakurudi nyuma. Fedha zake za Nobel alizigawa kwa mashirika yanayosaidia maskini. Alifariki Agosti 2020, baada ya miaka ya kuugua maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni kwamba Aprili ijayo gazeti lako lichapishe makala itakayoanzia kwenye zile pauni 7, na itakayomtaja pia mkewe, Pat, aliyekuwa mwalimu, ambaye mshahara wake uliitunza familia mumewe alipokuwa katika siasa zisizolipa, na ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyeendesha ofisi yake ya Derry na kuwasikiliza wenye shida.

Wako,
Mwanachama wa SACCOS,
Moshi