Lugha mbili pekee hazimfikishi Mlatino kwenye meza ya uongozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Walatino wa Marekani, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wakitajwa magazetini, mara nyingi habari huwa ya mpaka wa Mexico, uchaguzi au muziki. Wahasibu, wahandisi, wanasheria na wauguzi wanaofanya kazi kwa Kiingereza na Kihispania ndani ya siku moja hawaandikwi sana, na wakiandikwa husifiwa kwamba lugha mbili ni mtaji. Sifa hiyo ni nusu ya habari. Lugha ya pili humfungulia mtu mlango wa ajira, lakini isipopimwa, isipoandikwa na isipolipwa, ndiyo hiyo hiyo inayomkalisha kwenye kazi ya kuwatafsiria wengine huku wenzake wakipanda vyeo.

Chukua habari za Roberto Goizueta. Mwaka 1954 huko Havana, mhandisi huyo wa kemia alijibu tangazo la gazeti la mwajiri aliyemtaka mtu wa kemia mwenye lugha mbili. Mwajiri mwenyewe akawa Coca-Cola. Baada ya mapinduzi ya Cuba alihamia Marekani, na mwaka 1981 akawa mwenyekiti na mtendaji mkuu wa kampuni nzima hadi alipofariki mwaka 1997. Lugha mbili zilimpatia usaili. Kilichomfikisha juu ni kazi ya kiufundi aliyoimudu makao makuu Atlanta, pamoja na mzee Robert Woodruff, mwenye sauti kubwa kuliko wote katika kampuni ile, aliyesimama upande wake ulipofika wakati wa kuchagua kiongozi.

Woodruff huyo ndiye anayekosekana katika mitandao mingi ya wanataaluma wa Kilatino. Vijana wanapewa washauri wengi na wadhamini wachache. Mshauri hukwambia urekebishe wasifu wako, ujifunze hiki, usubiri kidogo. Mdhamini hulitaja jina lako katika kikao ambacho wewe hukuhudhuria, na akilitaja ameweka heshima yake rehani. Mshauri anaweza kuwa mtu yeyote mwenye uzoefu, ila mdhamini asiye na kura wala bajeti ni mshauri tu aliyepewa jina lingine.

Anayemtafuta mdhamini asianze kwa kumwomba amdhamini, maana hakuna mkubwa anayemsemea mtu asiyeijua kazi yake. Aombe kazi: mradi mmoja wa miezi mitatu hadi sita katika idara ya mkubwa huyo, wenye tarehe ya mwisho na matokeo yanayohesabika. Kila mwezi apeleke taarifa ya ukurasa mmoja, yenye kilichofanyika, kilichokwama na anachohitaji. Mradi ukifaulu, aseme wazi ni cheo gani anakitaka na kwa lini. Wengi hukwama kwenye hatua hii ya mwisho. Mtoto aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa huona kujitaja ni utovu wa adabu, na mwajiri wa Kimarekani huisoma adabu ile kwenye tathmini ya mwaka kama ukosefu wa hamu ya kuongoza. Taarifa za kila mwezi husaidia kwa sababu zinamsemea bila yeye kujigamba.

Aina ya mradi nayo ina uzito, pengine kuliko yote. Mwenye Kihispania hupelekwa kwa urahisi kwenye mahusiano ya jamii, rasilimali watu au kampeni za wateja wa Kilatino. Ni kazi za heshima, lakini watendaji wakuu kwa kawaida huchukuliwa kutoka kwenye uendeshaji, fedha, uzalishaji na mauzo, mahali ambapo mtu amewajibika kwa faida na hasara. Geisha Williams, mzaliwa wa Cuba aliyeshika uongozi wa kampuni ya umeme na gesi ya PG&E ya California mwaka 2017 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kilatino kuongoza kampuni ya Fortune 500, orodha ya kampuni 500 kubwa za Marekani, alikuwa mhandisi aliyekomaa katika kampuni ya umeme ya Florida. Oscar Munoz, aliyekabidhiwa United Airlines mwaka 2015, alitoka kwenye fedha na uendeshaji wa kampuni ya reli ya CSX. Kijana akipewa nafasi ya pili ya mahusiano ya jamii mfululizo, aulize bila haya ni lini atapewa bajeti ya kuisimamia.

Sasa niizungumzie lugha yenyewe. Kosa la kwanza ni kuandika kwenye wasifu kwamba unajua Kihispania vizuri sana, basi. Neno hilo halina kipimo. Kipimo kinachotambuliwa na waajiri wengi ni cha ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, chenye ngazi tano kuu. Mahojiano yake ya mdomo huchukua dakika 15 hadi 30, hurekodiwa, na hupima mpaka ngazi ya nne. Waliojifunza Kihispania nyumbani hushangazwa na matokeo. Wanaongea haraka na kwa lafudhi safi, lakini wanakwama chini ya ngazi ya nne, kwa kuwa pale mtu hutakiwa kutetea hoja, kujadili mambo dhahania na kueleza nini kingetokea kama hali ingekuwa tofauti. Lugha ya jikoni kwa bibi haimfundishi mtu kujadili sera ya riba. Tiba yake ni kusoma kurasa za biashara za Kihispania kila siku, na kuandika, narudia kuandika, muhtasari wa aya tatu kwa wiki ambao msemaji aliyesomea kazi yake kwa Kihispania ataukosoa.

Mitego mibaya zaidi imo kwenye tarakimu. Billion ya Marekani ni milioni elfu moja, ilhali billón ya Kihispania ni milioni mara milioni, kwa hiyo anayetafsiri taarifa ya fedha kwa kufuata sauti ya neno huikuza hesabu mara elfu. Mexico hutenga desimali kwa nukta kama Marekani, ilhali Argentina na Colombia hutumia mkato. Tarehe 4/7 kwa mtu wa Bogotá ni Julai, kwa mtu wa Dallas ni Aprili. Utaratibu salama ni kuandika mwezi kwa neno, kuandika kiasi kikubwa kwa tarakimu zote, na kukubaliana na ofisi ya upande wa pili juu ya orodha ya istilahi kabla mkataba haujaanza kutafsiriwa. Hata mtiririko wa fedha huitwa flujo de efectivo Mexico na flujo de caja nchi nyingi za Amerika Kusini.

Malipo ni suala gumu zaidi, na hapa vyama vingi huwapa wanachama matumaini yasiyo na msingi. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya taifa kazini, lakini haimlazimishi mwajiri kulipa ziada kwa lugha. Mwaka 1992 mahakama ya shirikisho ya Arizona iliyakataa madai ya wafanyakazi wa Kilatino wa polisi ya Tucson waliolalamika kwamba wanatumikishwa kwa Kihispania bila nyongeza. Kwa hiyo posho hiyo hupatikana kwa majadiliano, na majadiliano yanahitaji kumbukumbu. Kwa siku 90 andika kila kazi ya lugha uliyofanya nje ya majukumu yako: tarehe, dakika, aliyeomba, na kilichotokana nayo, kama vile mteja aliyebaki au hati ambayo haikupelekwa kwa mfasiri wa kulipwa. Linganisha saa hizo na ada ya wakala wa ukalimani. Kisha omba moja kati ya matatu: posho, kazi hiyo iingizwe kwenye maelezo ya kazi yako na ipimwe, au ipunguzwe. Mameneja wengi hawajui kabisa saa hizo ni ngapi mpaka waone karatasi.

Hospitalini kuna sababu ya ziada. Kanuni zinazotokana na sheria ya afya ya mwaka 2010 zinazitaka taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kutumia wakalimani au wafanyakazi wenye uwezo uliothibitishwa. Muuguzi anayeitwa tu kwa sababu ya jina lake la ukoo anaingizwa kwenye hatari yeye, mgonjwa na mwajiri, na ana haki ya kudai apimwe kwanza.

Kuhusu vyama vya wanataaluma wa Kilatino: ALPFA ilianzishwa mwaka 1972 na wahasibu, SHPE mwaka 1974 na wahandisi wa Los Angeles, na Prospanica mwaka 1988, ikiwa wakati huo ni chama cha wenye shahada ya uzamili ya biashara. Mikutano yao mikuu ina maonyesho ya ajira ambako usaili hufanyika hapo hapo. Anayekwenda kuzunguka meza akikusanya kalamu amepoteza nauli. Apate orodha ya waajiri mapema, achague sita au saba, na atume maombi mtandaoni wiki mbili kabla, kwa sababu afisa wa kuajiri hutafuta jina lako kwenye mfumo wake ukiwa umesimama mbele yake. Na jina liwe moja. Mwenye majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, hukuta mfumo umelichukua la mwisho tu, shahada ina yote mawili, na wasifu una la kwanza. Achague mtindo mmoja, kwa kistari au bila, na autumie kwenye wasifu, LinkedIn na barua pepe. Ujumbe wa kufuatilia uende ndani ya siku mbili, utaje jambo moja lililozungumzwa, na uombe kitu kimoja tu.

Makundi ya Walatino ndani ya kampuni yana maradhi yao. Mengi huchangamka kati ya Septemba 15 na Oktoba 15, mwezi rasmi wa urithi wa Kilatino unaoanza siku ya uhuru wa nchi tano za Amerika ya Kati, kisha hulala mwaka mzima. Bajeti yote huishia kwenye chakula na muziki, na mkurugenzi mlezi huja kupiga picha. Kundi linaloinua watu huwa na mlezi mwenye idara yake, malengo mawili au matatu ya mwaka, na mkutano wa robo mwaka na huyo mlezi ambao ajenda yake ni nafasi zilizo wazi na majina ya wanaofaa. Mipaka ipo pia. Kwa sheria ya kazi ya mwaka 1935, kundi linalofadhiliwa na mwajiri halipaswi kugeuka mjadiliani wa mishahara na masharti ya kazi, kwani hiyo ni kazi ya chama cha wafanyakazi kilicho huru. Vilevile uanachama uwe wazi kwa kila mfanyakazi, hasa sasa ambapo programu za aina hii zinakaguliwa kwa ukali.

Matawi ya vyama vya nje hufa kwa sababu ya kuchosha kuisimulia: makaratasi. Chama kidogo kisicho cha faida ambacho mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka hutoa tu taarifa fupi ya mtandaoni kwa mamlaka ya kodi, fomu 990-N, ifikapo siku ya 15 ya mwezi wa tano baada ya mwaka wake wa hesabu kwisha. Isipotolewa miaka mitatu mfululizo, msamaha wa kodi hufutika wenyewe. Hutokea pale mweka hazina anapohama mji na nywila zake. Nywila zikae kwa watu wawili, na makamu mwenyekiti achaguliwe akijulikana kuwa ndiye atakayepokea kijiti mwaka unaofuata.

La mwisho ni lugha ya vikao. Utafiti wa mwaka 2023 wa Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani, ulionyesha kwamba Walatino watu wazima 24 kati ya 100 wanaweza kuzungumza Kihispania kidogo tu au hawawezi kabisa. Tena Wabrazili huzungumza Kireno. Vikao vinavyoendeshwa kwa Kihispania ili kuthibitisha nani ni Mlatino halisi huwafukuza watu hao kimya kimya, na baadhi yao ndio wenye vyeo vya juu. Mwenyekiti atangaze lugha ya kikao kwenye mwaliko. Mijadala ya bajeti na kura iwe kwa Kiingereza, mazoezi ya Kihispania cha kazi yawe na saa yake, na anayekosea asahihishwe baadaye faraghani. Muhtasari utoke kwa lugha zote mbili ndani ya wiki, na maazimio yawekewe namba ili toleo moja lisipishane na lingine.

Wasalaam,
Msomaji wako