Muhuri wa chifu hautoshi kuuza shamba

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu mizozo ya mashamba yanayouziwa watu wa Nairobi kule Kajiado na Machakos. Mlieleza vyema uchungu wa wanunuzi, lakini mkulima anayeuza naye yumo hatarini.

Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inataka mauzo ya ardhi ya kilimo yaidhinishwe na bodi ya ardhi ya eneo husika, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Bila idhini, mkataba ni batili na mnunuzi ana haki ya kudai pesa zake kama deni. Hapo ndipo mzee aliyekwisha kulipa karo na kuezeka nyumba kwa hela hizo anajikuta mdaiwa. Isitoshe, kulipa au kupokea pesa, au kuingia na kukaa shambani, kwa mkataba batili ni kosa la jinai. Wangapi wanalijua hilo? Kinachopita mkononi ni karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, mashahidi wawili na muhuri wa chifu, basi shamba limeuzwa!

Wizara ya Ardhi ibandike tarehe za vikao vya bodi katika kila ofisi ya chifu, pamoja na maelezo ya Kiswahili kuhusu idhini hiyo. Machifu nao wakatazwe kugonga muhuri kabla hawajamweleza muuzaji, mbele ya mkewe au mumewe, kwamba bodi bado.

Msomaji,
Nairobi