Yaya wa Winnipeg na Anatoglo wetu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu majina ya majumba ya zamani ya Dar es Salaam niliyasoma ndani ya basi nikielekea kazini, nje baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Yamenifurahisha, ila mlipofika Mnazi Mmoja mlipita mbio. Mmesema Ukumbi wa Anatoglo una jina la mfadhili mmoja wa kigeni, basi. Mfadhili huyo alikuwa Mgiriki, George Arnautoglu, tajiri wa mkonge enzi za Mwingereza. Ndimi za Dar zililikwangua jina lake mpaka likawa letu. Watu wamecheza dansi humo, wamefanya mikutano humo, na sitashangaa kumkuta mtu anayeapa kwamba Anatoglo ni neno la Kizaramo.

Nina sababu ya kuling'ang'ania jambo hili. Mimi ni binti wa manamba. Baba alikata mkonge Tanga, katika shamba la Mgiriki mwingine, si huyu wa ukumbi, na nyumbani kwetu neno "Mgiriki" lilikuwa na maana moja tu: mtu anayepita na Land Rover asubuhi bila kushuka. Kwa hiyo nilipofika Winnipeg mwaka 2004, nikapata kazi ya kumenya viazi kwenye mgahawa mdogo wa chipsi na baga, nikaambiwa wenyewe ni Wagiriki, nilicheka peke yangu. Baba kakata mkonge wao, mimi namenya viazi vyao.

Winnipeg iko katikati ya uwanda wa ngano wa Kanada, pametandazwa kama mkeka, upepo hauna kilima cha kuuzuia. Wagiriki hawakuwa wengi hapa kama Waukraine, lakini ukimwuliza mwenyeji chakula cha mji wake ni kipi, huenda akakutajia Fat Boy, baga inayomwagiwa mchuzi mzito wa nyama ya kusaga, na hiyo ni kazi ya mikono ya Wagiriki. Au litaje jina la Kelekis mbele ya mtu mzima wa North End, mtaa wa hapahapa Winnipeg, uone atakavyokuweka kitako. Chris Kelekis alianza mwaka 1931, dunia nzima ikiwa imekaukiwa na fedha, akiuza chipsi mtaani. Baadaye familia ikawa na mgahawa Main Street, ukutani picha za watu mashuhuri, na binti zake wakauendesha mpaka ulipofungwa Januari 2013. Chipsi zao zilikuwa nyembamba kama njiti. Siku za mwisho foleni ilitoka mpaka nje, kwenye baridi, na mimi nilikuwemo.

Mgahawa nilioufanyia kazi haukuwa na picha hata moja ukutani. Ulikuwa na bibi kizee aliyeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kisu mkononi, akimenya haraka kuliko mimi. Watoto wawili waliingia kila alasiri kutoka shule wakimwita "yaya". Nikajua huyu ni mfanyakazi mwenzangu, analea watoto wa tajiri. Nikamzoea hivyo: namtania, namsogezea viazi kwa mguu, siku moja nikamwambia aharakishe. Wiki ya pili ndipo mpishi akanivuta kando. "Yaya" kwa Kigiriki ni bibi, nyanya wa mtu, na yule ndiye mwenye mgahawa.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilipomweleza yaya ni nani kwa Kiswahili, alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akasema sikukosea sana, maana yeye Kanada aliingia kama mtumishi wa ndani.

Ni kweli. Miaka ya 1950 serikali ya Kanada ilipokea wasichana wa Kigiriki waje kufanya kazi za ndani kwa mkataba. Nchi yao ilikuwa imetoka kuvamiwa na Wajerumani, ikapita kwenye njaa ya mwaka 1941 na 1942, halafu ikapigana yenyewe kwa yenyewe mpaka 1949. Yaya alitoka kijiji cha milimani huko Peloponnese. Alipiga deki nyumba za watu, akaolewa na Mgiriki aliyekuwa akiosha vyombo hotelini, wakadunduliza mpaka wakanunua kaunta yenye viti sita. Tarehe hakuzishika. Mumewe alifariki "mwaka wa kikaangio kipya". Mtoto wa pili alizaliwa "viazi vilipopanda bei".

Mwezi wa tano, theluji ikishayeyuka, alinichukua tukachume majani kando ya reli. Ni yale yenye ua la njano ambayo Wakanada huyapiga dawa kama magugu. Aliyachemsha, akayamwagia mafuta ya zeituni na limau. Mhariri, ule ulikuwa mchunga mtupu! Uchungu uleule unaoanzia nyuma ya ulimi. Nilikula nimefumba macho nikamwona mama jikoni. Yeye alisema mwaka wa njaa walikula hayo asubuhi na jioni, bila mafuta.

Siku hiyo nikapata ujasiri wa kumwuliza lililonikaa tangu utotoni: mbona Wagiriki wa kwetu walikuwa mabwana? Alinitazama kama nimemwambia samaki wanapanda miti. Hakuwahi kusikia kwamba Mgiriki anaweza kuwa bwana wa mtu.

Na kwa upande wa dunia aliyoijua, alikuwa na haki ya kushangaa. South Omaha, mji mwingine wa nyanda hizi upande wa Marekani, mwezi Februari 1909 kundi la watu lilivamia mtaa wa Wagiriki, likabomoa na kuchoma, Wagiriki wakaukimbia mji. Toronto, Agosti 1918, wanajeshi waliorudi vitani na raia waliowafuata walivunja migahawa ya Wagiriki wakidai watu hao hawakutaka kupigana, ingawa Ugiriki ilikuwa imeingia vitani mwaka 1917, upande uleule wa Kanada. Mtu mmoja huyohuyo, akitoka kijiji kilekile chenye njaa, akipanda meli ya kwenda Tanganyika anashuka akiwa juu ya baba yangu. Akipanda ya Amerika anashuka akiwa mlango wa jikoni. Hilo halimsafishi yule wa Land Rover. Lakini tangu nilijue, kusema tu "mfadhili wa kigeni" hakunitoshi.

Yaya alifariki mwaka 2016. Siku ya arobaini (nao wana arobaini, kama sisi) tulikwenda kanisa la Mtakatifu Demetrios. Ndugu zetu Waorthodoksi wa Bukoba wataelewa vizuri kuliko mimi nilichokiona. Mlangoni kila mtu alipewa kifuko cha ngano iliyochemshwa, ikachanganywa na sukari, zabibu kavu na punje za komamanga. Nikasimama uwanjani na mabuti yangu nikitafuna ngano. Mjukuu wake mkubwa, ambaye sasa ni mtu mzima na mkewe, akanijia akanong'ona: wewe ulikaa naye sana kule nyuma, unajua kijiji chake kinaitwaje?

Nilikijua. Nilimwandikia kwenye karatasi ya kile kifuko, yeye hakuwahi kumwuliza bibi yake.

Usiku ule nikajikuta nami nahesabu nisiyoyajua. Baba alifika Tanga kutoka Kigoma, hilo najua. Alikuwa na umri gani, nani alimwandikisha, jina alilopewa kwenye kipande, kadi yake ya kazi, ndilo lake au la mwenzake, sijui, na baba hayupo tena. Wale waliokuwa wakipita na Land Rover wengi wao waliondoka mashamba yalipotaifishwa baada ya 1967, na watoto wao nao wanazeeka mahali fulani.

Kwa hiyo mkirudia mada ile, msiishie kwenye kibao cha ukumbini. Baba yangu mdogo yuko Korogwe, ana miaka 88, naye alikata mkonge kwa Mgiriki huyohuyo wa baba. Anasikia kwa sikio la kushoto tu. Mwandishi wenu akienda aende asubuhi, kabla jua halijawa kali, na asimpelekee soda.

Binti wa Manamba,
Winnipeg, Kanada