Mhariri, kwenye ile picha kijana hapigi krebu

Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo maana hili jambo limenikaa tangu Jumapili na nyumbani wameshachoka kunisikiliza. Ukurasa wenu wa burudani uliweka picha ya DJ mmoja kainamia mashine ya santuri, chini mkaandika kwamba "anapiga krebu" (mtindo mmoja wa skrechi, ile milio ya kusukuma na kuvuta santuri kwa mkono), halafu makala yenyewe ikadai kombo, yaani skrechi kadhaa zilizoungwa mfululizo, ni za kuzaliwa nazo, mkono wako ukiwa mwepesi utaweza, ukiwa mzito katafute shughuli nyingine. Sasa mimi mkono wangu ni mzito na wanaonijua wanalijua hilo, ila kombo napiga, na zote nimezipata kwa sikio kwanza ndo mkono ukafuata.

Nianze na picha. Krebu imeitwa jina la kaa kwa vile vidole vinavyotambaa: gumba linakaa upande mmoja wa feda, kile kitufe cha kuteleza kinachofungua na kufunga sauti, kama springi, kazi yake kuisukuma ifunge, halafu vidole vingine vinaigonga kimoja baada ya kingine, cha pete, cha kati, cha shahada, kila kimoja kinaifungua mara moja tu na kupita. Anayetajwa sana kuileta ni DJ Qbert wa Marekani. Kwenye picha yenu kuna gumba na cha shahada basi, vile vitatu vimekunjwa ndani ya kiganja. Krebu ya wapi hiyo? Inaweza kuwa flea, inaweza kuwa transfoma, mitindo mingine hiyo, inaweza kuwa jamaa alikuwa anafuta vumbi. Picha haina sauti mhariri.

Na hapo ndo wengi tunapokwama, tunaangalia vidole. Mtu anaona video ya sekunde 10, anaona mkono unatetemeka kwenye feda, anaanza kuuliza hii inaitwaje hii inaitwaje, akiambiwa jina anafurahi utadhani ameshajifunza. Nimepitia huko. Kuna kombo moja nilihangaika nayo karibu miezi 4 nikiamini ni krebu, nafanya mazoezi ya vidole hadi mezani wakati wa kula, na kila nikijirekodi nasikia kabisa hesabu iko sawa, sauti 3 kama kwenye ile niliyokuwa naiiga, lakini ladha siyo. Ile ya kwenye video inanesa, yangu inagonga kama mtu anabisha hodi.

Kumbe ilikuwa flea ya kliki mbili. Na hii naomba niieleze taratibu maana ndo roho ya barua yangu. Skrechi ni mikono miwili inafanya vitu tofauti, mmoja unasukuma na kuvuta santuri, mwingine unafungua na kufunga sauti kwa krosfeda, ndo hiyo feda. Kwenye flea unaanza feda ikiwa WAZI, unasukuma santuri, na katikati ya msukumo unaifunga na kuifungua chap, hiyo ni kliki moja. Kliki moja inakata sauti vipande 2, kliki mbili vipande 3. Krebu ya vidole vitatu nayo inatoa vipande 3, ila yenyewe inaanza feda IMEFUNGWA. Kwa hiyo ukihesabu tu utadanganyika, zote ni tatu. Tofauti iko kwenye ukingo wa sauti. Flea inapoanza unaisikia santuri ikiondoka kutoka kusimama, sauti inatoka chini inapanda, "vwii", laini kabisa, na mwisho wa msukumo inashuka tena kwa sababu mkono unasimama ili ugeuke. Krebu haina huo ulaini mwanzoni, feda inafunguka wakati santuri tayari inakimbia, basi sauti inaingia imekatwa kama mkate kwa kisu. Nilivyosikia hiyo tofauti mara ya kwanza niliona aibu peke yangu chumbani. Miezi 4!

Toka siku hiyo nikikutana na kombo nisiyoijua jina silitafuti, nauliza maswali mawili tu, ukingo huu kauweka mkono au kauweka feda? Na hapa santuri inaenda au inarudi? La pili ni rahisi kama sauti yenyewe ni neno, lile "freshi" maarufu linalotoka mwishoni mwa upande wa pili wa santuri ya Change the Beat ya 1982, maana likirudi nyuma "sh" inatangulia. Kwenye ile "aaah" ya sehemu hiyohiyo ni ngumu zaidi kwa sababu kwenda na kurudi vinafanana, ila ndo nzuri kwa kusikia makato manake ni ndefu na haibadiliki.

Ukishazoea hayo maswali, majina mengi yanajifungua yenyewe. Bebi ni kwenda na kurudi, feda haiguswi. Chirpu nayo ni kwenda na kurudi lakini feda inafungwa pale pale mkono unapogeuka kwa hiyo ule mgeuko husikii, unabaki na kitu kama ndege. Tea ni mkono kusita katikati ya safari, sauti inakuwa mbili bila feda kuhusika. Stabu unasikia kwenda tu, kurudi kumefichwa. Transfoma ni kukatakata kwa feda iliyoanza imefungwa, hiyo ilivuma kutoka Philadelphia miaka ya 1980 kwa kina DJ Spinbad, Cash Money na Jazzy Jeff, ikaitwa hivo kwa kufanana na mlio wa yale maroboti ya katuni. Obiti sio skrechi mpya, ni kufanya kitu kilekile kwenda na kurudi, flea ya kliki moja ukiifanya obiti unapata sauti 4, ya kliki mbili unapata 6. Hapo biti inakusaidia, kama kila pigo moja unasikia sauti 4 zimepangana sawa anza kufikiria kliki moja, ukisikia 6 zinazotiririka kwa tatu tatu basi fikiria mbili. Kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika pigo moja ni kama theluthi mbili za sekunde, sauti 6 ndani yake kila moja inabaki na kama sehemu ya kumi ya sekunde, jicho halina ubavu wa kufuata feda hapo, na sikio lenyewe linahitaji msaada.

Msaada ni kupunguza spidi. Ila punguza ile ya zamani inayoshusha na sauti, ukienda nusu inakuwa nzito kama dubwana lakini kingo zinabaki safi. Zile programu zinazopunguza spidi huku zinaiacha sauti palepale huwa zinapakapaka kingo, laini na kali zote zinafanana, sasa umesaidika nini. Watu wananibishia hili, wabishe tu.

Nikishaisikia naichora. Mwisho wa miaka ya 1990 kina John Carluccio, mtengeneza filamu wa Marekani, walitengeneza kabisa maandishi ya skrechi kwa ajili ya kazi hii, mstari unapanda santuri ikienda, unashuka ikirudi, muda unasoma kushoto kwenda kulia na makato ya feda yanawekwa juu ya mstari. Mimi yangu ni ya kihuni nyuma ya risiti lakini wazo ndo hilo. Mfano kombo niliyoifungua wiki iliyopita ya mapigo manne: chirpu moja, flea ya kliki mbili kwenda, tea kurudi, stabu mbili. Sauti 9 zinasikika. Kwa sikio la kawaida ni vurugu, ila kwenye mchoro unaona milima minne tu, mkono wa santuri umeenda na kurudi mara nne na wala haukimbii sana. Yaliyobaki ni feda. Sasa huyo mwandishi wenu anaposema wepesi wa mkono, mkono upi?

Nikishaona hivyo mazoezi yanakuwa na adabu. Kwanza naiimba kwa mdomo, ndio naiimba kabisa, nikijing'ata naijua sehemu ambayo sijaisikia vizuri. Halafu mkono wa santuri peke yake feda wazi kwenye biti ya 60 au 65, mpaka ile milima minne iangukie kwenye mapigo bila kufikiria. Naweka na stika kwenye santuri nione mwanzo wa sauti uko wapi, maana kwenye spidi ya 33 na theluthi mzunguko mzima ni sekunde 1.8 na ukipotea kidogo tu umeshatoka nje ya neno. Feda inakuja mwisho, na inakuja kipande kipande. Sehemu inayonivunja kila mara ni kiungo, sio kipande chenyewe. Chirpu imeisha feda iko wazi na flea inaanza feda wazi, hapo raha, lakini kutoka tea ya wazi kwenda stabu lazima uifunge bila kelele wakati mkono umeshageuka, hapo nimetukana sana. Kwa hiyo nachukua nusu ya mwisho ya tea na stabu moja, nazungusha hizo mbili tu robo saa nzima, jirani akigonga ukuta napunguza sauti naendelea.

Na mhariri, msimwambie mtu kitu hiki ni cha kuzaliwa nacho. Inasimuliwa kwamba hata Grand Wizzard Theodore, aliyeanzisha mambo haya Bronx kule New York katikati ya miaka ya 1970, alikuwa dogo tu ameishikilia santuri kwa mkono huku mama yake anamgombeza kwa makelele, akasikia kitu akakipenda. Akakifanyia mazoezi kwanza ndo akakitoa mbele ya watu.

Huyo kijana wa kwenye picha simjui na sina ugomvi naye, anaweza kuwa mkali kuliko mimi mara kumi. Ila kama mpiga picha wenu alirekodi hata sekunde 4 za video yenye sauti, nitumieni niisikilize kwa spidi ya nusu niwaandikie jina sahihi mlitoe toleo lijalo. Na ikiwa kweli alikuwa anafuta vumbi, nalo nitawaambia.

Ni mimi msomaji wenu,
DJ wa mkono mzito