Mashirika ya ndege yatukumbuke wenye maradhi ya kibofu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja mbele za watu: haja ndogo, na adha anayoipata mtu mwenye ugonjwa sugu wa kibofu anapopanda ndege. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo hapa Kampala. Mzigo wangu hutoka Dubai, mara mojamoja Guangzhou, kwa hiyo siwezi kukaa nyumbani, ingawa hiyo ndiyo dawa ya kwanza ninayopewa na jamaa.

Dawa ya pili ni hii: "Siku ya safari usinywe maji." Nimeisikia kwa wenzangu wa Kikuubo, mtaa wetu wa maduka ya jumla, nimeisikia kwa shangazi, na la kusikitisha, nimeisikia hata kliniki. Kwa mgonjwa wa aina yangu ushauri huo unazidisha maumivu, na nitaeleza sababu.

Ugonjwa wenyewe madaktari huuita intastisho sistaitisi. Kwa maneno mepesi ni ugonjwa wa maumivu ya kibofu. Ukuta wa kibofu unauma na kuwaka, mkojo unakubana ghafla hata ukiwa kidogo tu, na ukitoka chooni nafuu haidumu. Kibofu cha mtu mzima mwenye afya hubeba kama mililita 400 hadi 500, na mwenyewe huenda haja mara sita hadi nane kwa siku. Wenzetu waliozidiwa hufika mara 40, hata 60. Ukipima mkojo, vijidudu havionekani. Hapo ndipo balaa inapoanzia, maana kwetu kila anayekwendakwenda chooni ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na duka la dawa litamuuzia antibiotiki bila maswali mengi. Anameza, hapati nafuu, anauziwa nyingine. Watu wakichoka kusema UTI husema sukari. Wakichoka kusema sukari humtazama tumbo. Wala siwasemei wa ugonjwa wangu peke yao. Wako wazee wa tezi dume, wako walioumia uti wa mgongo wanaotumia mpira wa mkojo, na wako akina mama waliofanyiwa upasuaji wa fistula, Kitovu kule Masaka au kwingineko, tundu likazibwa lakini kibofu kikabaki kidogo.

Sasa turudi kwenye maji. Mkojo wa mtu aliyekaukiwa ni mzito na mkali, na ukuta wa kibofu ulioathirika huusikia ukali huo. Hewa ndani ya ndege ni kavu mno, mara nyingi unyevu wake haufiki asilimia 20, kwa hiyo unakauka hata bila kutoka jasho. Tena shinikizo la hewa humo ni lile la mtu aliye mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Yaani mtu wa Kampala anapandishwa mpaka Kabale kwa muda mfupi. Kwa kimo hicho gesi iliyo tumboni hutanuka, hata kwa karibu theluthi moja kwa aliyeruka kutoka usawa wa bahari kama Dubai, tumbo linajaa na kukikandamiza kibofu. Ndiyo maana usiku wa kuamkia safari sili maharage wala kabichi, na soda siigusi. Kahawa nayo naiacha, jambo gumu kwa mtu anayeishi katika nchi inayoiuza dunia nzima. Nyanya, pilipili na machungwa huwachokoza wengi, lakini kila kibofu kina maudhi yake: rafiki yangu hula nanasi bila neno, mimi kipande kimoja kinanikesha. Maji nakunywa mafunda mawili matatu, napumzika, nakunywa tena. Ile sheria ya mililita 100 iliyokuja mwaka 2006 inanilazimu kupita ukaguzi na chupa tupu, kisha naijaza ndani. Dawa za maji zimesamehewa sheria hiyo, mradi uzionyeshe.

Lakini niseme kweli, taabu kubwa haiko angani, iko chini. Anayesafiri kupitia Entebbe anajua: unashuka garini ukaguliwe getini, unakaguliwa tena kwenye jengo, kisha kaunta ya mizigo, uhamiaji, na ukaguzi mwingine kabla ya kupanda. Na hapo umeshatoka Kampala, kilomita kama 40. Barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2018 imetuokoa sana, ila kuifikia kutoka katikati ya mji jioni ni safari nyingine. Basi la Arua husimama njiani watu wakachimbe dawa. Foleni ya uhamiaji haisimami, na mama mzima hawezi kupaza sauti kwamba amebanwa. Anachagua: aache nafasi yake akaanze upya mkiani, au ajikaze. Akijikaza, maumivu yake humfuata hata siku ya pili.

Halafu kuna wema unaotuumiza. Wagonjwa huitwa wapande kwanza. Nia naielewa, na kwa mwenye magongo ni msaada mkubwa. Lakini anayepanda kwanza ndiye anayekaa muda mrefu kuliko wote kabla ndege haijaruka: watu wanapakia mabegi, milango inafungwa, ndege inasukumwa nyuma, inasubiri zamu yake, kisha taa ya mkanda inabaki inawaka mpaka ifike juu. Saa nzima inaweza kupita. Kwa hiyo mimi hupanda mwisho. Tangazo la mwisho linapotolewa niko chooni, na nimeshaambiwa kwa hasira kwamba nachelewesha ndege. Wenye ugonjwa kama wangu nawashauri wafanye vivyo hivyo, mradi wamtahadharishe mtu wa mlangoni mapema asije akawafungia.

Linalonikera kuliko yote ni kiti. Tunahitaji kiti cha kando ya njia, karibu na choo, basi. Mashirika mengi siku hizi huuza nafasi ya kuchagua kiti, nami hulipa. Safari moja nililipa, ndege ikabadilishwa, nikajikuta nimepangiwa dirishani kwa safari ya usiku. Nilimweleza binti wa kaunta hali yangu, nikampa barua ya daktari. Akaisoma, akanijibu kwa upole kabisa:

"Mama, tunaweza kukuletea kiti cha magurudumu."

"Miguu yangu mizima, mwanangu. Naomba kiti cha njiani."

"Hivyo vimekwisha, mama. Cha magurudumu kipo."

Shirika silitaji, kwa sababu sidhani kwamba lingine lingenijibu tofauti. Fomu nilizowahi kujaza zinaujua ulemavu wa mguu, wa jicho na wa sikio. Usiku ule niliwaruka watu wawili waliolala, kwenda na kurudi, mpaka yule mzee wa katikati akahama mwenyewe na kuniachia nafasi yake. Hakuuliza kitu. Mungu amlipe.

Kuhusu taa ya mkanda, hapo nawatetea wahudumu. Ndege ikipaa, ikitua au ikitikiswa na upepo, aliyesimama anaweza kuumia vibaya na kuwaumiza wengine. Sina ugomvi na hilo. Ila kuna vipindi taa inabaki inawaka huku ndege imetulia na wahudumu wenyewe wanapita na toroli la chakula, na hapo ndipo tunapokemewa kama watoto wa shule. Siku hizi nikishaingia tu namnong'oneza mhudumu wa upande wangu kwamba nina maradhi ya kibofu. Wengi, hasa akina dada, wanaelewa kabla sijamaliza sentensi. Mmoja alinitengea choo cha nyuma wakati wa kugawa chakula, toroli lilipokuwa limeziba njia. Lakini haki isitegemee kama mhudumu wa zamu ana huruma au hana.

Wanaokwenda umra na hija wajiandae kwa jambo moja zaidi. Kabla ya kufika Jeddah hutangazwa kwamba mikati, mpaka wa kuingilia katika ihramu, inakaribia, na ghafla vyoo vyote vinajaa wanaume wanaovaa ihramu na watu wanaotawadha. Ukisubiri tangazo umechelewa; nenda mapema. Na wazee wanaoogopa kwamba swala yao haifai kwa sababu ya matone wamuulize sheikh wao, maana mwenye udhuru wa mkojo usioshikika ana hukumu yake: hutawadha kila wakati wa swala unapoingia, akajisitiri, akaswali. Nimekutana na mzee aliyekaa na kiu tangu Entebbe kwa kuogopa kuharibu udhu, na hakuna aliyemdai hilo.

Pedi na nepi za watu wazima ziko katika maduka ya dawa ya Kampala, na hakuna aibu kuvaa moja kwa saa mbili za hatari, hata kama hujawahi kuvuja. Roho ikitulia, kibofu nacho hupunguza fujo. Dawa na mipira ya mkojo ibebe mkononi, kamwe usiiweke kwenye begi la chini ya ndege. Dawa zikae katika pakiti zake zenye jina lako. Wanaopitia Dubai wawe waangalifu zaidi: tramadoli na kodeini, ambazo baadhi yetu tumeandikiwa kwa maumivu, ni dawa zinazodhibitiwa Falme za Kiarabu na zinahitaji kibali. Na ukialikwa kwenda mbuga ya Kidepo kwa zile ndege ndogo za watalii, Cessna Caravan, jua kwamba kwa kawaida hazina choo.

Ukishafika bado hujamaliza. Ukikaa saa nyingi maji ya mwili hushuka miguuni, na ukilala kitandani hurudi kwenye damu, figo zikaanza kazi. Usiku wa kwanza pale Deira, mtaa wa Dubai ninakofikia, mimi huamka bila hesabu, kwa hiyo sipangi miadi ya asubuhi na mtu yeyote. Kutembea ndani ya ndege na kuvaa soksi za kubana hupunguza kidogo.

Sasa ombi. Uwanja wa Gatwick, London, ulianzisha mwaka 2016 utepe wa kijani wenye picha za alizeti, unaovaliwa shingoni na abiria ambaye ulemavu wake hauonekani kwa macho, ili mfanyakazi ajue bila kumhoji mbele za watu. Viwanja vingi duniani vimeuchukua mpango huo. Alizeti tunalima wenyewe kule Lango; utepe hautatushinda. Nasi Uganda tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020, ambayo katika maana yake ya ulemavu inataja mtu kuzuiwa kufanya shughuli za kila siku na hitilafu ya mwili pamoja na vikwazo vya mazingira. Sitaki kuandikwa mlemavu. Lakini foleni ndefu na kiti cha dirishani ni vikwazo vya mazingira, na vinaondolewa bila kujenga ukuta hata mmoja.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga na mashirika yanayotua Entebbe yakubaliane hivi: mwenye barua ya daktari apewe kiti cha kando ya njia bila malipo, jina lake na namba ya kiti vifike kwa wahudumu kabla hajapanda, na akitoka kwenye foleni kwenda chooni arudi pale alipokuwa. Barua ikaguliwe mara moja wakati wa kukata tikiti, tusiisome upya mbele ya kila kaunta. Wadanganyifu watakuwepo, najua, kama walivyo wale wa viti vya magurudumu ambao hutua ng'ambo wakatembea kwa kasi kunizidi. Hao hawajasababisha viti hivyo kufutwa.

Kama liko shirika ambalo tayari linafanya hivi kutoka Entebbe, lijitokeze humu gazetini lituelekeze dawati lake lilipo. Msimu wa mzigo wa Krismasi unakaribia, na sisi wa Kikuubo tutajua tikiti zetu tukakate wapi.

Jina limehifadhiwa,
Kikuubo, Kampala.